Mstari wa Saba

Nilianza kuficha vijiko kabla sijajua ninamficha nani. Vilikuwa sita, vya zawadi ya harusi yangu. Kila binti yangu Kresensia alipopanda nyumbani kutoka ziwani, kimoja kilipotea, na kama kilirudi, kilirudi kimeungua tumboni. Nikasema huko anakopikia labda moto ni mkali. Mama mwenzangu unayesoma hapa, kama na wewe umefika kwenye vijiko, vuta kigoda tukae. Shule yangu iliishia darasa la nne na mwandiko wangu unapanda mlima, lakini majina ya watu sisahau, na haya niliyoandika niliyaona kwa macho yangu. Kresensia ameyasoma yote. Nilimwuliza, "Nifute wapi?" Akasema, "Usifute, mama. Acha hivyo hivyo."

Sisi ni watu wa milimani, juu ya Mbinga. Tuna kahawa, mahindi na maharage. Kresensia ni kitindamimba wangu. Baba yao, Mzee Gaudensi, alifariki Kresensia akiwa darasa la sita, tukabaki mimi, yeye na kaka yake Otmari, maana wale wengine watatu wameolewa mbali. Alipofika miaka ishirini akajifungua Anita. Baba yake Anita alikwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani na mpaka leo anayatafuta. Basi Kresensia akaanza biashara ya kushuka na maharage Mbamba Bay na kupanda na usipa, vile visamaki vidogo tunavyovipenda huku juu. Alikuwa na mkono wa biashara. Wateja walimsubiri njiani.

Baadaye akaona kupanda na kushuka kunamchosha, akabaki kule kule, akawapikia madereva wa malori ya makaa ya mawe kwenye maegesho yao. Jino likamshika. Alikuwa anasonga ugali huku machozi yanatiririka, ndipo akaja mtu mmoja aliyejiita Mjomba, akampa sigara iliyochanganywa kitu. Miaka miwili baadaye tukiwa tumekaa kwenye benchi la kliniki aliniambia hivi: "Mama, jino liliacha kuuma. Na kila kitu kingine kiliacha kuuma, hata baba."

Huo ndio ulikuwa unga wa kulevya. Sitakueleza unga ni nini, wako wenye kazi hiyo. Nitakueleza nilichokiona. Vijiko vyangu alikuwa anauyeyushia unga huo. Mtoto aliyekuwa na mapaja ya kubebea debe la maharage mlimani akawa na miguu kama ya kuku wa kuangua. Analala amesimama, kijiko cha uji kiko katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Anajikuna. Anavaa sweta jua likiwaka, na mikono ya sweta haipandishi hata akifua. Midomo imekauka. Na mwenzangu, macho yake: alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba ambayo aliwahi kupanga.

Nikampoteza hapo. Akaacha kupanda.

Sasa nikusimulie kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Sisi tuna jumuiya ndogo ndogo, kila wiki tunasali nyumba ya mmoja wetu, na kila mama anataja nia yake. Zamu yangu ikafika. Mama Hyasinta, mwenyekiti wetu, akasema, "Na binti yetu Kresensia tumwombee nini? Siku nyingi hatumwoni." Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Yuko kwa masista anasomea cherehani. Mwombeeni afaulu."

Wakaomba kwa bidii kweli. Wiki iliyofuata wakaja na vitambaa. Mama Kolumba alileta khanga, Filotea akaleta shuka, Imelda na Bonifasia wakaleta vipande vya kitambaa cha sare, ili binti apate cha kujifunzia. Mama Hyasinta akaleta kitenge kipya cha rangi ya bluu chenye ndege. "Hiki si cha kujifunzia," akasema. "Hiki ni gauni langu la Pasaka. Mwambie mikono iwe mipana, mimi si mwembamba." Nikapokea. Ningesemaje? Nikavikunja, nikaviweka juu ya sanduku. Kila Jumapili tukitoka misani ananiuliza, "Fundi wangu amefikia wapi?" Nami namjibu, "Amefika kwenye kola."

Pasaka ikapita, gauni bado liko kwenye kola.

Nilishuka ziwani mara tatu. Mara ya kwanza nilimtafuta nikiuliza jina, na hakuna aliyelijua. Mama mmoja aliyekuwa anageuza usipa kwenye chanja akaniuliza, "Bibi, shikamoo. Unayemtafuta ana kovu hapa kwenye kidevu?" Nikasema ndiyo, aliangukia jiwe la kusagia akiwa mdogo. "Huyo huku tunamwita Shuga," akasema. Yule mama anaitwa Ruth. Ni Mnyasa, Mwanglikana wa Liuli, mrefu, ana sauti ya kuita mtumbwi kutoka kilindini. Akanipeleka mpaka maegesho.

Nilimkuta Kresensia amekaa chini ya tela la lori na wasichana wengine wawili, Zawadi na Pili. Mjomba alikuwa anawagawia kete, vile vipakiti vya unga, asubuhi, na jioni wanamlipa kwa walichopata. Msichana mmoja alimbebea Mjomba unga wake, mwingine Mjomba alimpeleka kwa madereva. Mwanangu alikuwa amefanya yote mawili. Naliandika hili kwa sababu yeye mwenyewe alisema nisifute.

Yule Mjomba alikuja na shati limenyooshwa vizuri, akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Sina marahaba yako. Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Mchukue," akasema, akacheka. "Nimemfunga kamba? Shuga, mama yako huyu hapa, nenda. Lakini mama, kesho akianza kutapika na tumbo kumnyonga, utampa nini? Majani ya kahawa? Mimi ndiye namsaidia huyu."

Ruth akamrukia, "Unamsaidia kama kupe anavyomsaidia ng'ombe!" Wale madereva wakacheka. Kresensia hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nenda nyumbani. Anita atakuwa na njaa."

Nikaenda nyumbani. Mara ya pili ilikuwa wakati wa kuchuma kahawa, na ikawa hivyo hivyo. Niliporudi nyumbani, Otmari alikuwa kwenye mashine anakoboa kahawa. Hakuinua kichwa. "Mama," akasema, "mimi nilikuwa na dada. Usinisimulie habari za yule mwingine." Kisa chake nacho nakijua. Kresensia aliwahi kumchukulia baiskeli, na mbaya zaidi, alichukua sweta la shule la Anita, na Otmari ndiye aliyemnunulia Anita sweta lile.

Mara ya tatu sikujipeleka, niliitwa. Ruth alipiga simu ya jirani: "Njoo. Ameanguka kwenye chanja yangu, ana homa, na yule mwanamume amesema hamtaki mgonjwa." Mwenzangu, sikuwahi kudhani nitamshukuru Mungu kwa homa ya mapafu. Nilibeba kile nilichoona mbele yangu, na mbele yangu palikuwa na vile vitambaa.

Hospitali ilituliza mapafu, kisha ikatuelekeza mkoani, kwenye kliniki ya watu wa unga. Njiani arosto ilimshika. Arosto ndiyo mwili unaodai unga wake. Siku tatu kwenye chumba tulichoazimwa na binamu yangu Skolastika, mtoto alitapika mpaka nyongo, alitetemeka, alinitukana matusi ambayo mimi na umri wangu nilikuwa sijayasikia. Kisha ananishika mkono: "Mama usiondoke." Khanga ya Kolumba ilipangusa jasho. Shuka ya Filotea nilimtandikia. Vitambaa vya sare vilipangusa sakafu. Na kitenge cha Mama Hyasinta, kile chenye ndege, ndicho nilichomfunika. Alikishika pindo kama mtoto mchanga.

Kliniki ina benchi refu la mbao. Nimelikalia miezi mingi kuliko nilivyokalia benchi la kanisa. Dawa ni ya maji, inanywewa kwenye kikombe kidogo, kila siku, hata sikukuu, mbele ya nesi. Ukishameza unataja jina lako, ili nesi ajue hukuificha mdomoni. Siku ya kwanza Kresensia akanywa. Nesi Tumaini akamwuliza, "Jina?"

"Shuga."

"Kwenye kadi yangu hakuna Shuga."

Kresensia akatazama kikombe kitupu. Mimi kwenye benchi nikashindwa kuvumilia, nikapaza sauti, "Kresensia!"

Nesi akanigeukia. "Bibi, wewe umekunywa dawa?"

Benchi zima likacheka. "Sijanywa, mwanangu."

"Basi muache anayekunywa aseme."

Foleni ikasubiri. Hakuna aliyesukuma, na wale ni watu wenye haraka na kikombe kile, nakuambia. Mwisho Kresensia akasema jina lake, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu. Nami tangu siku hiyo nikajifunza majina ya benchi zima: Hamisi aliyekuwa fundi rangi, Doto asiye na pacha wake tena, Mwalimu Erasto, Sofia na mwanawe mgongoni. Nikifika nawaamkia mmoja mmoja kwa jina. Hamisi aliniambia, "Bibi, nyumbani kwetu wananiita Teja. Wewe tu na nesi ndio mnajua mimi Hamisi." Ukienda kukaa kwenye benchi kama lile, mwenzangu, anza na hilo. Halihitaji chochote.

Mwezi wa pili nilipanda nyumbani kufuata mahindi na kumwona Anita, ambaye alikuwa kwa Otmari na mkewe. Jumuiya ikaangukia nyumba yangu. Tulipomaliza rozari Mama Hyasinta akaanza, "Haya, gauni langu…"

Nikasema, "Kresensia hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Hajawahi kufika kwa masista. Kresensia ni teja wa unga. Alikuwa ziwani anauzwa na mwanamume, na sasa yuko mkoani anakunywa dawa. Nimewadanganya ninyi, na Mungu nimemdanganya nyumbani kwangu."

Mama Hyasinta akaweka rozari yake mapajani. 

"Na kitenge changu?"

"Nilimfunikia."

"Kilimtosha?"

"Kilimtosha."

"Basi ndiyo kazi yake," akasema. Akajipangusa uso kwa upande wa khanga, kisha akaanza kunigombeza. "Yaani mwaka mzima tunaomba afaulu cherehani! Maombi yetu yamekwenda kwa binti wa mtu mwingine, sasa hivi yuko mahali anashona kama malaika!" Tukacheka mpaka Imelda akashika mbavu. Nilirudi mkoani na gunia ambalo sikulijaza mimi.

Usidhani ikaishia hapo. Alianguka mara moja, msimu wa mvua za kwanza, siku nne hakuja kliniki. Nilikuja kumwona amerudi mwenyewe kwenye benchi, amekaa mwishoni, viatu hana. Nesi Tumaini hakumfokea. Alisema, "Tunaanza upya, Kresensia," akamimina kikombe. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumbeba mgongoni. Sikufanya lolote kati ya hayo. Nilimpa ndala zangu.

Mwili ukarudi polepole. Kwanza ilirudi njaa, akawa anakula kama mkulima. Halafu siku zake za mwezi, zilizokuwa zimekatika. Halafu kicheko. Jioni moja Skolastika alimwaga mboga, Kresensia akacheka, mimi nikatoka nje nikasimama karibu na karo nikalia peke yangu.

Ulipofika mwezi wa tatu mwaka uliofuata, wakati wetu wa kulima ngoro, nilikuwa nimesharudi nyumbani na yeye amebaki kwa Skolastika, anaosha vyombo kwenye hoteli ndogo. Wasiojua ngoro niwaeleze. Kwetu ni miteremko, ukilima hovyo mvua inakubebea shamba. Wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza kwenye mistari inayokatizana, zikawa kama madirisha. Wanawake tunafuata na majembe: tunachimba katikati ya kila dirisha, udongo tunaufunika juu ya nyasi pande zote nne, tunatupia maharage, tunafunika tena. Panabaki mashimo, maji yanatulia humo. Kila mwanamke hushika mstari wake kutoka juu mpaka chini, na mstari wa mtu hauguswi.

Kliniki ilikuwa imemkubalia kuja nyumbani kwa mara ya kwanza, na chupa saba kwenye kisanduku cha kufuli, dozi ya siku saba. Angefika Jumanne, tulime pamoja. Nikawaita wenzangu watano, na badala ya pombe ya kangala nikapika togwa.

"Togwa!" Filotea akapiga kelele. "Tangu lini watu wanalima kwa togwa? Tumekuwa watoto wa kipaimara?"

"Atakayelewa na togwa yangu nitambeba mpaka kwake," nikamwambia. Kwa nini sikupika pombe, walijua wote. Hakuna aliyeuliza tena.

Sasa, basi linalotoka mkoani kupitia Mbinga ndilo lile lile linaloendelea mpaka Mbamba Bay. Anayeshuka, anashuka. Asiyeshuka, anafika ziwani. Nilikaa kituoni Jumanne na Anita tangu asubuhi. Basi likaja. Wakashuka watu tisa, nikawatazama nyuso zote tisa. Kondakta akafunga mlango. Nilimpigia Nesi Tumaini kwa simu ya muuza vocha. "Ameondoka na chupa zake, bibi. Nilimwona mwenyewe anapanda." Simu ya Kresensia haikupatikana.

Anita akauliza, "Bibi, mama amelala kwenye basi?" Nikamwambia labda amelala.

Tulipofika shambani wenzangu walikuwa wameshaanza. Nyasi alizilaza Otmari. Wakalima mpaka jua likawa la utosi, ndipo Bonifasia akasimama, mkono kiunoni. "Otmari! Sisi tuko sita. Mbona umelaza mistari saba?"

Otmari alikuwa ananoa panga. Hakuinua kichwa. "Nimekosea kuhesabu."

Mtu aliyelaza nyasi tangu ana miaka kumi. Mama Hyasinta akasema, "Basi tukumalizie huo mmoja, tugawane."

"Uacheni," Otmari akasema.

Wakauacha. Mashimo ya mistari yetu sita yameteremka mpaka chini, meusi, mapya, na pembeni mstari mmoja wa nyasi zimelala juu ya ardhi ngumu. Siku ile sikuweza kuutazama. Moyoni nilikuwa nimeshamzika.

Jumatano saa nne asubuhi nikasikia mbwa. Kresensia anapanda njia, kisanduku kwapani, fungu la usipa kichwani. Sikukimbia. Nilimsubiri mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Ziwani." Akaweka mzigo chini. "Basi liliposimama Mbinga, miguu ilikataa kushuka. Nikajiambia nakwenda kuona tu. Nikafika mpaka maegesho, mama. Nilimwona Pili. Mjomba hakuwepo. Pili aliniambia kaa, anakuja. Nikakaa." Akajipangusa jasho. "Halafu nikasikia sauti ya Mama Ruth inaita kutoka kwenye chanja, 'Kresensia! Njoo unisaidie kugeuza hawa kabla ya mvua!' Hakusema Shuga. Sijui nani alimwambia. Nikanyanyuka, nikaenda kugeuza usipa."

Mimi ndiye niliyemwambia Ruth, siku ile ya kwanza.

Bado nilifungua kile kisanduku. Ndiyo, nilimwomba ufunguo nikafungua mbele yake, na aibu yake ilinikaa mimi. Chupa mbili tupu, tano zimejaa. Alisimama akanitazama nikizigusa moja moja, hakukasirika. "Hesabu tena kama unataka," akasema.

Otmari alitokea upande wa kahawa. Wakatazamana. Miaka hiyo yote hawakuwa wamesemezana. Otmari akamnyooshea jembe, mpini mbele. "Nyasi zako zinakauka," akasema, akaondoka zake.

Mstari ambao mimi kikongwe ninaumaliza kabla ya chakula cha mchana, yeye ulimchukua siku mbili. Anachimba shimo moja, anakaa. Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Viganja vikatoka malengelenge, Anita akampulizia. Nilitaka kumsaidia, nikamkumbuka Nesi Tumaini na benchi lile, nikarudi kukaa. Asubuhi ya Ijumaa alitupia maharage shimo la mwisho, akafunika, akajinyoosha. Jumatatu alipanda basi la kurudi kwenye kikombe chake.

Bado anakunywa mpaka leo. Ziko siku ananipigia na sauti si nzuri, nami moyo unaruka. Siwezi kukuambia amepona. Naweza kukuambia alifika.

Maharage yetu mwaka ule yalikomaa pamoja, mistari sita ikawa ya njano, majani yanadondoka. Wa saba ulikuwa umechelewa kuota, ukabaki wa kijani peke yake pembeni ya mteremko, maua meupe bado yapo. Unaonekana tangu barabarani. Watu wakipita wananiuliza, "Bibi, ule pale mbona haujakomaa?"

Nawajibu, "Ule ni wa Kresensia. Tunausubiri."